Tumfunike Kwanza, Ndipo Tumwambie



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba wake. Ama baad.

Mwezi wa Rajabu tulipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Likoni. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Chini yake hakutia jina, ila nambari ya simu ya jirani. Alieleza kwamba mwaka mmoja na nusu uliopita binti yake, mwenye umri wa miaka 22, alikwenda matembezi ya mashua pamoja na jamaa zake. Ndugu yake mdogo wa miaka 11 alikuwamo. Upepo uligeuka ghafla na mashua ikapinduka. Binti aliushika mkono wa nduguye kwa muda ambao mpaka leo hawezi kuukadiria, kisha wimbi likawatenganisha. Wavuvi walimuwahi yeye. Mtoto aliopolewa siku ya pili, akaoshwa, akaswaliwa, akazikwa.

Tangu siku hiyo binti hajavuka feri. Alikuwa akisomea ushonaji mjini Mombasa, akaacha. Ikilazimu kwenda mjini huomba azungushwe kwa gari kupitia Dongo Kundu, na nauli hiyo babake haiwezi kila mara. Usiku huamka akipiga kelele, mkono wa kulia ameukunja ngumi kama ameshika kitu. Akitakiwa kuosha samaki, harufu ya maji ya chumvi humtoa jikoni akihema.

“Nyumba yetu imegawanyika,” mama aliandika. “Shangazi yake asema ni jini la bahari, apelekwe kwa mganga. Babake asema imani imepungua, aongeze Qur'ani. Mimi nimesikia kuna matabibu wa nafsi, lakini naona haya. Tumeletewa posa kutoka Kuze, na watu wakisikia kuwa mtoto amepelekwa kwa daktari wa wendawazimu, ni nani atakayemwoa? Na juzi nimegundua kuwa anameza vidonge vya usingizi, ananunua mwenyewe dukani. Je, nikimpeleka kwa tabibu nitakuwa nimepungukiwa na tawakkul?”

Hatukuichapa barua ile papo hapo, kwa kuwa suali la namna hiyo halingoji zamu ya gazeti. Tulimpigia mama simu, tukamwelekeza tulikoweza, kisha tukanyamaza. Sasa tumo katika Shawwal. Mama na binti wametupa idhini ya kuandika, na binti mwenyewe ameyasoma maneno haya kabla yenu. Baadhi ya mambo tumeyabadilisha ili wasitambulike.

MARADHI HAYA NI YAPI

Tuanze na majina, kwani kitu kisicho na jina hutisha zaidi. Jeraha linalobaki ndani ya nafsi baada ya tukio la kutisha huitwa kiwewe. Huweza kumpata aliyenusurika ajali, aliyevamiwa, aliyepigwa na mumewe, aliyejifungua kwa hatari, au aliyeshuhudia mauti ya ampendaye. Alama zake wataalamu wamezigawa mafungu manne. Tukio hurudi lenyewe, katika ndoto au mchana kweupe. Mtu hukimbia kila kinachomkumbusha. Hujilaumu, akafa ganzi, asionje tena furaha. Na mwili wake haulali: mlango ukifungwa kwa nguvu, yeye huruka.

Katika majuma ya mwanzo baada ya msiba, hali hizi si ajabu. Watu wengi hutulia wenyewe wakizungukwa na watu wema. Lakini ikiwa umepita mwezi, na masomo, kazi, usingizi au ibada vimesimama, hapo pana maradhi yanayohitaji tiba. Madaktari wa Marekani waliyatia rasmi katika orodha yao ya maradhi mwaka 1980, baada ya kuwaona askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Hata hivyo, maradhi yenyewe ni ya kale kama misiba ya wanadamu.

Wasiwasi ni jirani yake. Kiwewe huutazama msiba uliopita, na wasiwasi huutazama msiba ambao haujaja. Hapa hatukusudii ule wasiwasi wa Shetani unaomfanya mtu arudie udhu mara tano, ingawa huo nao huweza kukomaa ukawa ugonjwa. Twakusudia khofu isiyokuwa na kipimo, inayokaza kifua, inayokata pumzi na kumnyima mtu usingizi pasi na hatari iliyo mbele yake.

Allah amemuumba mwanadamu na mlinzi ndani ya ubongo. Kazi yake ni kupiga kengele kabla akili haijamaliza kufikiri. Kengele ikilia moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Ukikutana na nyoka njiani, kengele hiyo ni rehema. Kwa mwenye kiwewe kengele imekwama. Kumbukumbu ya siku ile haikuwekwa mahali pake pamoja na mambo yaliyopita, bali imebaki kana kwamba inatendeka sasa, na harufu tu ya maji ya chumvi yatosha kuiamsha. Ndiyo maana kumwambia mtu “wacha kuogopa” hakumsaidii. Mlinzi yule hasikii maneno.

Je, ni upungufu wa imani? Tuwatazame waliotushinda kwa imani. Nabii Ya'qub (AS) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ni Nabii. Mama yake Musa (AS), ambaye Allah mwenyewe alimpa ilhamu ya kumtia mwanawe mtoni, aliamka na moyo uliokuwa mtupu, na Qur'ani yatuambia kwamba alikaribia kuitoboa siri lau Allah asingeutia nguvu moyo wake. Mtume wetu (SAW) alimpoteza Bi. Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na mwaka ule wanahistoria wetu wakauita Mwaka wa Huzuni. Hakuna Muislamu awezaye kusema kwamba wote hao imani zao zilikuwa haba. Moyo kuumia ni sehemu ya kuwa na moyo.

ALIVYOFANYA BI. KHADIJA

Mama wa Likoni aliuliza kuhusu tawakkul, nasi twamjibu kwa kumkumbusha kisa anachokijua tangu chuoni. Mtume (SAW) aliporejea kutoka pango la Hira baada ya kushukiwa na Jibrili, alifika nyumbani moyo wake ukitetemeka, akaomba afunikwe. Hatusemi kwamba wahyi ulikuwa maradhi, audhubillah. Twatazama tu namna mwanamke yule mwenye hekima alivyompokea mtu aliyeingiwa na khofu kubwa.

Kwanza alimfunika. Hakumuuliza kitu mpaka khofu ilipompungua. Pili, alimsikiliza alipoeleza yaliyomfika na kusema kwamba aliikhofia nafsi yake. Tatu, ndipo alipomwambia maneno. Tena hayakuwa maneno matupu ya kuliwaza, bali ushahidi wa mambo anayoyajua: kwamba yeye huunga ukoo, huwabebea wanyonge mizigo yao, humkirimu mgeni, na kwamba Allah hawezi kumfedhehesha mtu wa namna hiyo. Nne, alimpeleka kwa Waraqa bin Nawfal, binamu yake mwenye elimu ya vitabu, kwa kuwa jambo lenyewe lilizidi elimu ya nyumbani.

Mwili, masikio, maneno, kisha mjuzi. Bi. Khadija (RA) hakuruka hatua hata moja, wala hakuona kwamba kumwendea mjuzi ni kupungukiwa na yakini. Sisi mara nyingi huanza na hatua ya tatu, tukaishia hapo.

NJIA NYINGI, MKONO MMOJA

Mama alimpeleka binti kwa mwanasaikolojia mmoja, mwanamke, ambaye hufuata mkabala unaounganisha njia mbalimbali za tiba. Kuna matabibu walioshika njia moja tu: huyu hushughulikia fikra, yule mwili, mwingine uhusiano wa mtu na jamaa zake. Tabibu mwenye mkabala jumuishi huzijua njia kadhaa, na humtazama aliye mbele yake kabla ya kuchagua. Si kwamba achanganya dawa ovyo kama mtu aliyeingia duka la mizizi. Hupanga: lipi liwe la mwanzo, lipi lingoje.

Mwaka 1992 daktari wa Marekani, Judith Herman, aliandika kitabu ambacho matabibu wengi wa kiwewe hukitegemea hadi leo. Aligawa safari ya kupona katika hatua tatu: kupata usalama, kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi katika maisha pamoja na watu. Msomaji ataona mwenyewe jinsi mpangilio huo ulivyo karibu na ule wa nyumba ya Makka.

Katika majuma matatu ya kwanza tabibu hakumuuliza binti habari za mashua. Alimfundisha kupumua. Kuvuta pumzi polepole kwa pua, na kuitoa polepole zaidi kuliko ilivyoingia, hupunguza mwendo wa moyo, kwani utoaji wa pumzi mrefu huuambia mwili kwamba hatari imepita. Alimfundisha pia, kengele inapolia, kutaja vitu vitano anavyoviona na vinne anavyoweza kuvigusa, ili akili irudi chumbani kutoka baharini. Binti akasema kwamba akisoma Qur'ani kwa sauti na kwa tajwidi pumzi yake hurefuka vivyo hivyo. Tabibu akamwambia basi asome, na aizingatie pumzi yake anaposoma. Kwa hiyo ushauri wa baba haukutupwa, ulipewa mahali pake.

Vile vidonge vilishughulikiwa mapema. Tabibu alimpeleka kwa daktari, kwani mwanasaikolojia kwa kawaida haandiki dawa. Wazazi, tuwe macho katika jambo hili. Baadhi ya dawa za usingizi hujenga mazoea upesi, na kuziacha ghafla kwa aliyezizoea kwaweza kuleta madhara. Kwa kiwewe hazitibu asili ya ugonjwa. Zipo dawa nyingine za huzuni na wasiwasi zinazofaa, lakini huandikwa na daktari, na nyingi huchukua majuma kadhaa kabla ya nafuu kuonekana. Na vijana wetu wa kiume wanaotafuna muguka ili wasahau, wafahamu kwamba muguka huuamsha mwili ambao tayari umekosa usingizi.

Baada ya hapo kulikuja hatua ngumu. Binti alitakiwa kuisimulia siku ile, kidogo kidogo, akiwa mahali salama na pamoja na mtu asiyeshtuka. Zipo njia zaidi ya moja za kufanya hivi. Mojawapo iligunduliwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, mwaka 1987: mgonjwa hulishika tukio akilini kwa muda mfupi huku macho yake yakifuata kidole cha tabibu kikienda kulia na kushoto. Wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani hasa ya zoezi hilo inayoponya, lakini mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitia miongoni mwa tiba linazozipendekeza kwa kiwewe, pamoja na ile ya kurekebisha fikra. Tabibu wa binti huyu alitumia hiyo ya fikra, ambayo asili yake ni kazi ya Aaron Beck katika miaka ya 1960. Huulizwa: ni neno gani ambalo moyo wako umelishika tangu siku ile?

Binti alikuwa na neno moja. “Mimi ndiye niliyemwachia mkono.”

Mwaka mmoja na nusu alikuwa nalo, na nyumbani hapakuwa na aliyelisikia. Si kwamba hawakumpenda. Kila alipofungua kinywa, mtu alimtangulia: ni qadari ya Allah, nyamaza. Au: aliyekufa maji ni shahidi, mbona walia? Maneno hayo ni ya kweli. Kwamba aliyezama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi ni jambo lililothibiti katika hadithi za Mtume (SAW). Lakini yalimfikia kabla hajafunikwa na kabla hajasikilizwa. Aliyoyasikia yeye yalikuwa: funga mdomo, na dhambi yako ibaki nayo.

Tabibu hakumwambia kwamba hana kosa. Alimuuliza. Wimbi lilikuwa na kimo gani? Mkono wa mtoto ulikuwa mkavu au majimaji? Wewe mwenyewe ulikuwa umeshameza maji? Mvuvi aliyekuokoa, mtu mzima wa bahari, alisema mkondo ulikuwaje? Angekuwa ni rafiki yako aliyetengwa na nduguye namna hiyo, ungemwambia ameua? Suali moja kwa juma moja, na kazi ya kuandika nyumbani. Juma la saba binti alisema, kwa mara ya kwanza, kwamba hakuuachia mkono ule. Ulichukuliwa.

Jioni ya siku hiyo alimwendea babake ukumbini, akamwomba amweleze habari ya qadari. Neno lile lile alilokuwa akilikimbia akaliomba mwenyewe. Baba alisema nasi kwa simu, na sauti yake ilikatika. Alikuwa akimwambia neno la haki, kumbe alikuwa akimwambia mapema mno.

Hili ndilo tulilotaka kulisema juma hili, na mengine yote ni maelezo yake. Dini na tiba hazikugombana katika nyumba ile. Neno la dini lilihitaji tiba ilitengenezee njia, na tiba ilipofika mwisho wa uwezo wake ilihitaji neno la dini. Tabibu aweza kumwonyesha mtu kwamba hakumuua nduguye. Hawezi kumwambia nduguye yuko wapi. Hilo lina wenyewe.

HII SI ELIMU NGENI

Kuna wanaodhani kwamba tiba ya nafsi ni mambo ya Wazungu. Katika karne ya tatu ya Hijria aliishi mwanachuoni aitwaye Abu Zayd al-Balkhi, mzaliwa wa upande wa Balkh katika nchi iitwayo leo Afghanistan, aliyefariki mwaka 934 Miladia. Aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kwamba matabibu wa zama zake walikosea kuutibu mwili na kuiacha nafsi, ilhali kila kimoja huugua kwa ugonjwa wa mwenzake. Alizigawa hali za nafsi katika ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi. Akashauri kwamba, kama vile mtu mwenye busara huweka akiba ya dawa nyumbani kabla hajaugua, basi na aweke akiba ya fikra njema akiwa mzima, azitumie siku ya dhiki.

Katika zama zetu, Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan aliyefariki mwaka 2021, alitumia umri wake kuwakumbusha Waislamu urithi huo. Aliwaonya wanasaikolojia wa Kiislamu wasimeze kila nadharia iliyotoka Magharibi bila ya kuichuja. Lakini hakuwaambia waitupe elimu yenyewe. Aliwataka waichukue iliyo sahihi, na wasimsahau Muumba wa nafsi wanayoitibu.

MASUALI TUNAYOULIZWA

Je, kusema mambo ya nyumbani mbele ya tabibu si kusengenya? Imam Nawawi (Allah amrehemu) amezitaja hali ambazo ndani yake huruhusiwa kumtaja mtu kwa alilolifanya, na miongoni mwake ni kutafuta haki na kutafuta ufumbuzi. Hind bint Utba alimshitaki mumewe kwa Mtume (SAW) kuwa hatoi matumizi ya kutosha, naye hakumkemea kwa kusema. Semeni la haja, kwa mwenye kufaa, na inatosha. Tabibu naye ana wajibu wa kuhifadhi siri, isipokuwa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini.

Na faragha na mwanamume? Ombeni tabibu wa kike. Akikosekana, mahram akae nje ya chumba, na mlango usifungwe kabisa, au uwe wa kioo. Tabibu mwenye adabu hatachukizwa na ombi hilo.

Na asipokuwa Muislamu? Katika safari ya Hijra, Mtume (SAW) aliongozwa njia na Abdullah bin Urayqit, naye hakuwa Muislamu wakati ule, lakini alikuwa mjuzi wa jangwa na mwaminifu. Ujuzi na uaminifu ndivyo vya kutazama. Akikwambia uache swala au hijabu ili upone, ondoka.

Na majini? Kuwapo kwao ni katika imani yetu, na ruqya ya kisharia ina mahali pake. Asiyekuwa na mahali ni yule anayempiga mgonjwa, anayemfukiza mpaka akazimia, anayekaa naye peke yake chumbani, au anayemwamuru aache dawa za hospitali. Ruqya ya Qur'ani haigombani na daktari.

Na mwanamke ambaye hatari bado imo nyumbani mwake, ambaye anayempiga atarudi jioni? Huyo hafundishwi kupumua tu. Usalama ndio hatua ya kwanza, na subira haikuwekwa na Allah ili iwe ruhusa ya dhalimu. Amwendee mzazi au kadhi, au apige 1195, simu ya bure ya wanaodhulumiwa majumbani. Mwenye dhiki ya moyo aweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, nayo ni ya bure.

Na gharama? Ni kweli kwamba matabibu wa binafsi ni ghali. Hospitali za umma huwa nafuu, na hapa Mombasa ile ya Port Reitz, Changamwe, ina huduma ya maradhi ya akili. Kabla ya kumlipa yeyote, mwulizeni kama amesajiliwa, kwani nchi hii ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Mwulizeni pia kama amesomea kiwewe, kwani si kila mshauri amekisomea. Na kwa kamati za misikiti twasema: mtu akifa twachanga sanda na chakula cha wageni kabla jua halijatua. Aliyebaki hai na moyo uliovunjika naye ni wa kuchangiwa.

ALIPOFIKA BINTI

Bado hajavuka feri. Tabibu alimwandalia ngazi, na kila kidato alikikalia mpaka kengele ilipotulia, ndipo akapanda kingine. Kwanza alitazama picha ya feri kwenye simu ya mamake. Kisha, baada ya kuzungushwa Dongo Kundu kwa mara nyingine, akakaa pale Mama Ngina, mbali na maji, akizitazama zikivuka kwenda na kurudi. Kisha akashuka hadi kwenye foleni ya upande wa Likoni, akasimama na watu, akageuka. Ijumaa iliyopita aliufikia mteremko, akasimama mpaka maji yakamrukia vidole vya miguu. Samaki anaosha sasa, ingawa huacha mlango wa jikoni wazi.

Na ile posa? Binti alikataa ifichwe. Alitaka mama yake kijana aambiwe, na mjomba wake akaenda nao ukumbini Kuze kulisema. Mama yule alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba mwaka 1994, tarehe 29 Aprili, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa, kaka yake alikuwamo. Tangu siku hiyo, akivuka Likoni, husimama katikati kabisa ya feri, ameshika chuma, amefumba macho, na wanawe hudhani anasoma dua. Alikuwa hajamwambia mtu miaka yote hiyo. Akamuuliza binti kama tabibu wake anapokea watu wa makamo.

Ndugu zetu, dada zetu na mama zetu, katika kila nyumba ya mwambao huu huenda pana mtu anayevuka amefumba macho. Juma hili tumtafute. Tusianze na mawaidha, hata yakiwa ya haki. Tumfunike, tumsikilize, kisha tumwambie, na likituzidi tumpeleke kwa mjuzi, kama alivyofanya mama yetu Khadija (RA).

Twamwomba Allah amrehemu mtoto yule na wote waliochukuliwa na maji, amtie nguvu binti huyu katika kidato kilichobaki, na aziponye nyoyo ambazo hazijapata wa kuzisikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.